Mizani Haioni Sumu

Gunia la kwanza la pareto nililokabidhiwa nililinywesha maji.

Ilikuwa mwaka 1974, nina miaka kumi, milimani Umalila, Mbeya, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi. Bibi alikuwa amenipa kazi ya mtoto: kuanika maua kwenye mkeka asubuhi, kuyageuza mchana, kuyaingiza ndani ukungu ukianza kushuka. Nilikuwa nimeandamana naye mara mbili kwenye kituo cha kununulia, na nilikuwa nimeona nilichotaka kuona. Gunia linaning'inizwa kwenye ndoano ya mizani, mshale unazunguka, karani anaandika, fedha inatoka. Mshale ukienda mbali, fedha inakuwa nyingi. Basi usiku wa kuamkia siku ya kuuza nikachukua kopo la maji, nikafungua mdomo wa gunia, nikamimina taratibu pembeni pembeni ili juu pabaki pakavu.

Mnunuzi hakuuangalia mshale. Alifungua gunia, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akanusa vidole. Kisha akamgeukia Bibi: "Mama, hili limenyeshewa au limenyweshwa?"

Bibi alinitazama mara moja tu. "Limenyweshwa," akasema.

Tukarudi na gunia letu. Tulipofika nyumbani maua ya katikati yalikuwa yameshapata joto na kuanza kuvunda, yakamwagwa shambani. Sikuchapwa. Bibi alichukua ua moja lililosalimika, akang'oa petali nyeupe zote, akazipuliza, akabaki na ule moyo wa njano kati ya vidole viwili. "Mali iko hapa," akaniambia. "Maji yako hayafiki hapa."

Tangu siku ile nimesomea kemia ogania, yaani kemia ya kaboni, nimeandika makala, nimepimwa, nimepandishwa cheo, na nimekaa kwenye kamati za kuwapima wengine. Kila ninapoona msomi anawekwa kwenye mizani, naukumbuka mkono wa yule mnunuzi.

Mwaka 1982 nilichaguliwa kwenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa. Basi liliondoka Mbeya alfajiri, likapita Uyole, Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga, zaidi ya kilomita 300 za barabara iendayo Dar es Salaam, mpaka Ipogolo, kisha likaupanda mlima kuingia mjini. Huko wenyeji walinisalimia "kamwene", nami nikabaki nimekodoa macho. Mwalimu wetu wa kemia alipojua kwamba natoka kwenye pareto, aligeukia ubao akachora kitu kama ramani ya vijia vya kijijini: upande mmoja pembetatu ndogo, upande wa pili umbo la pembe tano, katikati daraja lenye oksijeni. "Hii ndiyo inayoua mbu kwenye maua ya kwenu," akasema. "Inaitwa pairethrini."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua mchoro ule ulivyopatikana. Hermann Staudinger na Leopold Ružička waliuhangaikia Uswisi kuanzia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1924. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine: Ružička mwaka 1939, Staudinger mwaka 1953. Hawakupatia kila kitu. Katika miaka ya 1930 na 1940, F. B. LaForge na wenzake kule Marekani walirekebisha baadhi ya sehemu za mchoro na kuonyesha kwamba sumu ile ina ndugu zaidi. Leo tunawajua sita: pairethrini mbili, sinerini mbili na jasmolini mbili. Sehemu kubwa imejificha kwenye vijimbegu vichanga ndani ya ule moyo wa njano. Ua likikaushwa, sumu ni kama asilimia moja au mbili tu ya uzito wake. Katika kilo mia za maua makavu, mali ni kilo moja au mbili. Kilo zinazobaki ni za mizani.

Bibi hakujua kusoma, lakini kidole chake alikiweka palepale.

Nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale Mlimani nilikuta kemia ya mimea inafanywa kwa bidii kubwa na vifaa vichache. Mmea unasagwa, unalowekwa kwenye kiyeyushi, kiyeyushi kinakaushwa, na ujiuji unaobaki unapitishwa kwenye bomba la kioo lililojaa unga wa silika, tone kwa tone, hadi kila kampaundi ishuke peke yake. Kazi ya wiki nzima inaweza kukupa unga usiojaza ncha ya kijiko. Mara nyingi unga huo ulipaswa kupanda ndege kwenda Ulaya kupimwa kwenye mashine ambazo hatukuwa nazo, na sisi tukabaki tunangoja barua.

Mwaka 1990 jarida la Planta Medica lilichapisha kazi ya Weenen, Mayunga Nkunya na wenzao kuhusu nguvu ya mimea ya dawa ya Tanzania dhidi ya vimelea vya malaria. Mmoja wa mimea iliyofanya vizuri ulikuwa ndago, gugu lile lile tunalolilaani tukiwa na jembe mkononi. Kwenye orodha ya waandishi alikuwamo Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea. Mwanakemia anayesaga mmea bila kuwa na mtu wa kuutambua kwa uhakika anasaga asichokijua. Kazi za kundi lile zimeendelea kutajwa na watafiti wa nchi nyingi, na Profesa Nkunya alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa sisi vijana wa wakati ule, makala ile ilikuwa ushahidi kwamba mmea wa porini kwetu unaweza kusomwa mahali ambapo sisi wenyewe hatujafika.

Na kutajwa ndiko kulikotushika. Kwetu Mbeya majina mengi ya Wanyakyusa huanza na Mwa-, na silabi hiyo humfungamanisha mtu na mzee wa ukoo wake. Marejeo yanayokaa mwishoni mwa makala ya sayansi ni Mwa- ya makala hiyo. Yanakuambia imetoka kwa nani, na deni lake liko wapi. Mwaka 1955, katika jarida la Science, Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza orodha hizo zigeuzwe, ili mtu aweze kuanza na mzee kisha awatafute wajukuu: nani ameitumia makala hii baada ya kutoka? Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba msomaji ajue nani ameikosoa makala kabla hajaiamini. Faharisi yake kubwa ilianza kutoka katika miaka ya 1960. Ilikuwa ramani ya ukoo. Watu wakaigeuza mizani.

Mwaka 2005 mizani ikapata mshale mmoja. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imetajwa angalau mara kumi, h yako ni 10. Ukiwa na makala moja tu iliyotajwa mara elfu, h yako ni 1. Kipimo kina akili yake: hakidanganyiki na ua moja kubwa, kinataka shamba zima. Lakini ni namba moja, na penye namba moja karani hana haja ya kufungua gunia.

Mimi sikungoja hadi 2005. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nafundisha katika chuo kimoja, naomba cheo, na nilikuwa na utafiti mmoja mzuri kuhusu jinsi pareto inavyopoteza nguvu ikihifadhiwa. Maua nilikuwa nimeyatoa Umalila, na Kilolo na Mufindi huko Iringa. Ilikuwa makala moja yenye jedwali moja la safu tatu. Nikaikata. Umalila ikawa makala yake, Kilolo yake, Mufindi yake. Utangulizi nikaupindua pindua maneno. Kila makala ikawataja ndugu zake wawili, kwa hiyo kabla mtu yeyote duniani hajanisoma nilikuwa nimeshatajwa mara kadhaa, na mimi mwenyewe.

Kamati ilihesabu. Walikuwa watu waadilifu wenye mafaili mengi na mchana mmoja. Hakuna aliyetumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Cheo nikakipata, na usiku ule nikanunua nyama, tukala, na katikati ya kula nikasikia sauti wazi kabisa: limenyeshewa au limenyweshwa?

Nimestaafu sasa, na nimepata nafasi ya kuangalia gunia langu lote. Makala yangu inayotajwa kuliko zote ni ile niliyoandika kwa jasho dogo kuliko zote: orodha ya mimea ya kuulia wadudu inayotumiwa na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, utupa ukiwamo. Sikugundua kitu humo. Nilikusanya. Lakini kila anayeanza utafiti wa mimea ya aina hiyo anahitaji sentensi ya kwanza inayosema kwamba wakulima wa Afrika Mashariki hutumia mimea mingi, na mwishoni mwa sentensi hiyo kunahitajika jina. Nimekuwa jina hilo. Nimejifariji kwa kisa cha Oliver Lowry, ambaye makala yake ya mwaka 1951 kuhusu njia ya kupima protini ndiyo iliyoongoza mwaka 2014, jarida la Nature lilipoorodhesha makala zilizotajwa zaidi katika sayansi: zaidi ya mara 300,000. Lowry mwenyewe alishakiri kwamba haikuwa makala kubwa. Ilikuwa na manufaa, kama kopo la kupimia unga.

Kazi yangu iliyotumiwa kuliko zote ina idadi nyingine: sifuri. Ni karatasi ya kurasa mbili, Kiswahili kitupu, niliyoiandika mwaka 1996 na kuitoa kwa stenseli. Inasema ua livunwe likiwa limefunguka vizuri, lisiwe tumba wala lililochakaa. Likaushwe siku hiyohiyo. Lisirundikwe, kwa sababu rundo bichi hupata joto na kuvunda. Likishakauka lifichwe na mwanga na unyevu, kwa sababu pairethrini huvunjika kwa mwanga, na liuzwe mapema kwa sababu nguvu inashuka kadiri linavyokaa. Mabwana shamba waliisambaza. Haina namba ya jarida, haiko kwenye faharisi yoyote, na kwa mashine zinazohesabu haijawahi kuandikwa.

Siyo kwamba nadharau makala zinazotajwa. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza katika Nature dawa waliyoitengeneza kwa kuiga umbo la pairethrini, lakini isiyoharibiwa upesi na jua: pamethrini. Mwaka uliofuata wakaongeza deltamethrini, kali zaidi. Nilipozisoma makala hizo mara ya kwanza nilisimama. Walikuwa wameuchukua ule mchoro wa ubaoni Iringa, wakabadilisha vipande vichache, na udhaifu uliotutesa milimani ukaondoka. Leo ukilala ndani ya chandarua chenye dawa, kama vile vilivyoanza kutengenezwa kiwandani Arusha mwaka 2003, unalala chini ya mjukuu wa ua la pareto. Watoto wangapi wamepona kwa sababu hiyo, hakuna idadi ya marejeo inayokaribia kusema.

Lakini mjukuu huyo ndiye aliyemnyang'anya mzee wake soko. Dawa za kutengenezwa zilipoenea, pamoja na matatizo mengine ya biashara, pareto ilishuka thamani. Bibi aling'oa nusu ya shamba akapanda viazi mviringo. Hakujua jina la Elliott, na Elliott hakujua lake. Ukiuliza kazi ile ilileta matokeo gani, lazima utaje vyote viwili, chandarua na viazi. Namba inataja kimoja tu, tena kwa sauti ya pongezi.

Kuna jambo jingine ambalo mizani inalipotosha. Watafiti wa dawa hizi leo hawahangaiki kumtaja Staudinger. Mchoro umekuwa mali ya umma, kama kusonga ugali. Hakuna anayemtaja wa kwanza kuusonga. Robert Merton, mwanasosholojia wa sayansi, aliliona hili: wazo likimezwa kabisa na elimu, jina la mwenyewe hupotea. Na kuna majina ambayo hata mwanzoni hayakuandikwa. Makala ya mwaka 1977 iliyotangaza umbo la atemisinini, dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa Kichina, ilitoka kwa jina la kikundi. Tu Youyou, aliyeongoza kazi ya kuipata, alisubiri Nobel yake hadi mwaka 2015. Angepimwa kwa h mwaka 1980, asingepita hata usaili wa mhadhiri msaidizi.

Nirudi kwenye zile makala zangu tatu. Miaka kama kumi baada ya kuzichapisha, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuja ofisini Iringa, asubuhi ya Julai, baridi imetukunja sote. Aliniamkia, akakaa kwenye ncha ya kiti, akafungua daftari. Alikuwa amerudia kazi yangu ya Umalila na Kilolo. "Mwalimu," akasema, "nimeshindwa kupata ulichokipata." Nilikuwa nimeandika kwamba pareto ya Umalila inahimili ghala kuliko ya Kilolo, na nikaeleza kwa kurasa mbili kwa nini hali ya hewa ya Umalila inaifanya hivyo. Yeye alichuma maua ya hatua moja ya kufunguka kutoka sehemu zote mbili. Tofauti ikatoweka. Akaniuliza, kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi, kama nakumbuka maua yangu ya Kilolo yalichumwa wiki gani.

Nilikumbuka. Yalichumwa wiki mbili baadaye, yamechakaa, kwa sababu gari liliharibika. Nilikuwa nimelinganisha ua zuri na ua kuukuu, kisha nikaisifia milima ya kwetu. Kama ningeandika makala moja yenye jedwali moja, tarehe za kuchuma zingekaa bega kwa bega na mtu yeyote angeona. Kisu nilichokatia makala ndicho kilichoficha kosa.

Alichapisha kazi yake katika jarida dogo, akaandika waziwazi kwamba matokeo yangu hayakusimama. Na hapa ndipo nilipoielewa mizani kuliko siku zote. Mashine inayohesabu marejeo ilipoisoma makala yake, iliona jina langu humo, ikaniongezea moja. Kukosolewa na kusifiwa, kwake ni kilo ileile. Garfield alitaka tujue nani amekosoa. Tuliyemwachia kazi hiyo hajui kusoma.

Moja hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu naijua ilikotoka. Mtu alitumbukiza mkono.

Desemba 2012, wanasayansi waliokutana San Francisco walianzisha azimio la kutaka watafiti wasipimwe kwa umaarufu wa majarida bali kwa ubora wa kazi yenyewe. Sisi ni watu wa maazimio. Tunajua azimio lilivyo jepesi kulisoma na lilivyo zito kulitekeleza. Kwenye kamati nilizokaa baadaye nilianza desturi ndogo. Nilimwomba mwombaji achague makala mbili tu, zozote, na aandike kwa Kiswahili cha kawaida, nusu ukurasa, amegundua nini na nani amekitumia. Kisha tulizisoma usiku. Wapo waliokuja na makala arobaini na kushindwa kuchagua mbili. Yupo aliyekuja na tano, na nusu ukurasa wake ulikuwa na uzito kiasi kwamba mwenyekiti aliomba asomewe tena. Wenzangu walilalamika kwamba njia hii inachukua muda. Inachukua. Mkono nao huchukua muda mrefu kuliko mshale.

Kwa kijana anayeanza, ushauri wangu ni wa shambani. Taja wote wanaokudai, aliyekuonyesha mmea pamoja na aliyeupima. Usiikate kazi moja ili ionekane nyingi. Ukitajwa, fungua uone umetajwa kwa lipi. Na andika walau kurasa mbili kwa lugha ya mwenye shamba, hata kama hazitahesabiwa popote.

Mwaka jana nilikwenda Umalila msimu wa maua. Pareto imerudi kwenye baadhi ya mashamba, na wanunuzi wa siku hizi huchukua sampuli ili sumu ipimwe kabla ya bei. Mjukuu wa dada yangu alikuwa anaanika kwenye chanja, safu nyembamba, maua yametawanywa kama anahesabu. Nilipotaka kumsaidia nikamwaga kikapu kizima mahali pamoja. Akanishika mkono.

"Hapana, Babu, hayarundikwi. Yakirundikwa yanapata joto. Na haya ya tumba ungeyaacha shambani." Akaendelea kunifundisha karatasi yangu, kifungu kwa kifungu, kwa mpangilio uleule, hadi kwenye kuficha mwanga.

"Haya yote umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Wazee ndivyo walivyofanya tangu zamani." Akanitazama kwa huruma kidogo. "Kwani wewe hukufundishwa?"

Karatasi ile ina jina langu chini ya ukurasa wa pili. Jina la Bibi halimo popote.

"Nilifundishwa," nikamjibu, nikainama kuyatawanya maua.